Teke, Mrudio na Mpasuko: Istilahi za Silaha Ndogo Zinazobeba Risasi Kubwa na Haja Yake katika Kiswahili cha Burundi

Ikisiri

Silaha yoyote ya moto inapofyatuliwa humrudishia mfyatuaji sehemu ya nguvu iliyoisukuma risasi. Silaha ikiwa nyepesi na risasi ikiwa nzito, nguvu hiyo huweza kuumiza mkono, na silaha isiyotengenezwa kwa kiwango huweza kumpasukia aliyeishika. Kiswahili kina maneno mengi yanayokaribia dhana hii, lakini hakina istilahi moja iliyotulia. Makala haya yanaeleza asili ya jambo hilo kwa lugha ya fizikia ya kawaida, yanafuatilia msamiati wa bunduki ulivyoingia katika Kiswahili na kufika Burundi, na yanaonyesha utata unaojitokeza katika tungo za kutendwa za kitenzi *piga*. Hoja kuu ni kwamba dhana tatu, yaani teke, mrudio na mpasuko, zinapaswa kutenganishwa, hasa katika zahanati, katika kituo cha polisi na mahakamani, ambako neno moja lisilo wazi huweza kumgeuza mwathirika kuwa mtuhumiwa au mtuhumiwa kuwa mwathirika.

1.0 Utangulizi

Musinzira ni mtaa wa mji wa Gitega, mji ambao Wajerumani waliufanya makao ya utawala wao nchini Burundi mwaka 1912 na ambao leo ni mji mkuu wa kisiasa wa nchi hiyo. Kaskazini mashariki iko Muyinga, na zaidi ya hapo mpaka wa Kobero, ambako barabara inavuka na kuingia Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania. Katika maeneo haya mawili Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani kwa walio wengi na Kifaransa ndiyo lugha ya majalada, ilhali Kiswahili ni lugha ya soko, ya dereva wa lori, ya msikiti na, tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lugha ya mawasiliano na maofisa wa nchi jirani.

Nchi hiyo imepitia vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Makubaliano ya Arusha yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na kazi ya kukusanya silaha mikononi mwa raia ikafuata. Burundi ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, itifaki inayosimamiwa na kituo cha kikanda cha RECSA chenye makao yake Nairobi. Miongoni mwa silaha zilizojulikana wakati huo zimo zile zinazotengenezwa kienyeji, ambazo nchini Burundi huitwa *mugobore*. Jina hilo lenyewe linatokana na neno la Kiswahili *gobore*.

Chukua sentensi fupi: *Alipigwa na bunduki mkononi*. Muuguzi akiiandika katika daftari la wagonjwa, msomaji ataelewa kuwa mtu alipigwa risasi na mtu mwingine. Lakini huenda mgonjwa mwenyewe alikuwa ameishika silaha, ikamrudi na kumvunja kidole. Au huenda ilipasuka ikamchana kiganja. Hali hizo tatu zina matibabu tofauti na zina matokeo tofauti mbele ya sheria. Sentensi hiyo haizitenganishi. Makala haya yamekusudiwa kuzieleza, kisha kupendekeza namna ya kuzitaja.

2.0 Msamiati wa Bunduki na Safari Yake

2.1 Maneno yaliyotoka pwani

Msamiati wa silaha za moto katika Kiswahili ni wa tabaka nyingi. *Bunduki* limetoka katika Kiarabu, na kwa kawaida huhusishwa na jina ambalo Waarabu waliupa mji wa Venice. *Risasi* ni Kiarabu pia, na maana yake ya kwanza ni madini ya risasi yenyewe: kitu kimepewa jina la kile kilichoundiwa. *Baruti* limepita katika lugha za Mashariki ya Kati, na *bastola* lina asili ya Ulaya. Pamoja na maneno hayo ya kukopa, Kiswahili kilitumia mali yake: *mzinga*, gogo lililochimbwa ndani ili nyuki waishi, likapewa chombo cha chuma kirushacho makombora, *mtutu* likawa bomba la bunduki, *kitako* likawa sehemu inayokaa begani, na kitenzi *fyatua*, kinachohusu mtego unaoachia, kikahamia kwenye bunduki.

Neno moja linahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, nalo ni *kiasi*. Katika matumizi ya zamani *kiasi cha bunduki* ni kadiri ya baruti na risasi inayotosha mlio mmoja. Baadaye neno hilo lilitumika hata kwa risasi yenye ganda lake, iliyokwisha kufungwa kiwandani. Ndani ya neno hili mna maarifa ya fundi. Aliyeshindilia gobore kwa mkono alijua kwamba kila mtutu una kiasi chake. Akipunguza, risasi ingeanguka njiani. Akizidisha, bega lake lingemwambia, au mtutu ungepasuka. Lugha ilikuwa imeunganisha risasi na kipimo chake kabla ya kiwanda kuvitenganisha. Leo ganda la shaba linamkabidhi mtu kiasi kilichopimwa na mwingine, kwa ajili ya silaha nyingine, na aliyelishika hana haja ya kupima. Hapo ndipo hatari inayojadiliwa katika makala haya inapoanzia.

2.2 Kufika Burundi

Silaha za moto zilisikika Burundi kabla ya Wajerumani. Katika miaka ya 1880 wafanyabiashara wenye silaha waliokuwa na ngome yao Ujiji, wakiongozwa na Muhammad bin Khalfan aliyejulikana kama Rumaliza, walijaribu kupenya kutoka ziwani, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakawazuia. Wajerumani walipokuja, walikuja na askari waliozungumza Kiswahili. Vita vya mwaka 1903 vilimalizikia katika mkataba wa Kiganda wa tarehe 6 Juni, ambapo Mwezi Gisabo alilazimika kuitambua mamlaka ya Ujerumani.

Silaha iliyobebwa na askari wengi wa jeshi hilo, na ambayo kombania nyingi zilikuwa bado nayo vita vilipoanza mwaka 1914, ilikuwa ya Mauser ya muundo wa mwaka 1871. Mtutu wake ulikuwa na kipenyo cha milimita 11 na ilitumia baruti nyeusi, yenye moshi uliomfichua mpigaji kwa adui. Ilijulikana pia kwa kumsukuma mpigaji kwa nguvu. Itarejewa katika sehemu ya tatu, kwa kuwa inafaa kuwa kipimo cha kulinganishia.

Katika Kirundi bunduki ni *inkoho*, na risasi ni *isasu*, neno ambalo uhusiano wake na *risasi* ya Kiswahili unaonekana waziwazi. *Gobore* nalo lilipokea kiambishi cha ngeli na kuwa *mugobore*. Maana yake pia ilihama. Kwenye Kiswahili cha Tanzania gobore ni bunduki ndefu ya kushindilia kwa mdomo, mara nyingi ya mwindaji. Mugobore wa Burundi ni silaha yoyote ya kubuni nyumbani, hata kama ni fupi na hata kama inatumia risasi ya kiwandani. Kilichohama na neno ni dhana ya utengenezaji wa kienyeji; kilichobaki nyuma ni desturi ya kupima kiasi.

3.0 Fizikia ya Teke

3.1 Kanuni

Kanuni ya tatu ya Isaac Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, inasema kwamba kila kani ina kani mkabala iliyo sawa nayo na yenye mwelekeo wa kinyume. Gesi ya baruti inayoisukuma risasi mbele huisukuma silaha nyuma kwa kiwango kile kile. Kinachogawanywa kwa usawa baina ya pande mbili ni momentamu, yaani zao la tungamo na kasi. Risasi ina tungamo dogo na kasi kubwa. Silaha ina tungamo kubwa na kasi ndogo. Momentamu ya gesi yenyewe, inayotoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi kuliko risasi, huongezwa upande wa mbele, na silaha hulipa deni hilo pia.

Nishati haigawanywi kwa usawa. Momentamu ikibaki ile ile na tungamo la silaha likapunguzwa nusu, kasi ya kurudi huongezeka maradufu na nishati inayopokewa na mkono huongezeka maradufu vilevile. Kwa hiyo silaha ndogo haipunguzi teke. Kinyume chake, udogo wake ndio unaoliongeza.

3.2 Mfano wa risasi moja katika bastola mbili

Mfano ulio wazi unapatikana katika historia ya Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la Marekani lilitumia bastola ya M1911 yenye uzito wa takribani kilogramu 1.1. Mwaka 1942 nchi hiyo ilitengeneza karibu bastola milioni moja za bei nafuu zilizoitwa FP-45 Liberator, kwa kusudi la kuwapa wapinzani katika nchi zilizokaliwa na adui. Ilikuwa bastola ya bati lililokunjwa, ya mlio mmoja, yenye uzito wa takribani gramu 450. Zote mbili zilitumia risasi ile ile ya kipenyo cha milimita 11.43.

Risasi hiyo ina gramu 15 na hutoka kwa kasi ya takribani mita 250 kwa sekunde. Momentamu yake ni 3.75; ukiongeza ya gesi, jumla inakuwa takribani 4.15 kwa vipimo vya kilogramu na mita kwa sekunde. Gawanya kwa kilogramu 1.1: M1911 hurudi kwa kasi ya mita 3.8 kwa sekunde, na nishati yake ni karibu jouli 8. Gawanya kwa kilogramu 0.45: Liberator hurudi kwa mita 9.2 kwa sekunde, na nishati yake ni karibu jouli 19.

Sasa ilinganishwe na Mauser ya askari wa mwaka 1903. Risasi yake ilikuwa na gramu 25, ikitoka kwa takribani mita 435 kwa sekunde, na baruti yake gramu 5. Bunduki yenyewe ilikuwa na uzito wa karibu kilogramu 4.5. Hesabu ile ile inatoa kasi ya kurudi ya takribani mita 3 kwa sekunde na nishati ya takribani jouli 21. Hivyo bastola ya gramu 450, inayoingia mfukoni, inakaribia kutoa teke la bunduki kubwa ya vita. Tofauti ni kwamba bunduki ilikuwa na kitako kipana kilichokaa begani, na kiwiliwili kizima kilikwenda nayo. Bastola inaangukia kiganja kimoja na kifundo kimoja cha mkono.

3.3 Risasi ya bunduki katika silaha ya mkono

Mfano wa tatu unahusu eneo hili moja kwa moja, kwa kuwa risasi ya Kalashnikov ya milimita 7.62 ndiyo iliyoenea zaidi katika Maziwa Makuu. Ina gramu 7.9 na katika bunduki yake hutoka kwa takribani mita 715 kwa sekunde. Pamoja na gesi, momentamu yake ni karibu 7.5. Bunduki ya kilogramu 4 huipokea kwa utulivu: hurudi kwa chini ya mita 2 kwa sekunde, na nishati ni jouli 7. Momentamu hiyo hiyo ikibebwa na silaha ya kilogramu moja, nishati hupanda hadi jouli 28. Mtutu mfupi hupunguza kidogo kasi ya risasi, kwa sababu baruti haimalizi kuwaka ndani. Lakini inayobaki huwakia nje, na mwali na kishindo huongezeka mbele ya uso wa mfyatuaji. Anachopunguziwa katika teke, hulipizwa katika macho na masikio.

3.4 Mkono na wenzo

Nishati haielezi kila kitu. Mtutu wa bastola huwa juu ya kiganja, si ndani yake. Msukumo wa kurudi hupita juu ya mahali panaposhikwa, na hivyo silaha huzunguka: mdomo hunyanyuka, mpini huchimba kiganja, na kifundo hukunjwa nyuma. Ni kanuni ya wenzo ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi huifahamu, ila hapa egemeo ni kiungo cha mwili. Mpini mfupi unaoshikwa na vidole viwili hauwezi kuzuia mzunguko huo. Silaha huweza kuruka mkononi, kumpiga mfyatuaji usoni, au kumjeruhi kidole kilichobaki kwenye kifyatulio.

Watengenezaji wa zamani walijua jambo hili. Bastola ndogo aliyoiuza Henry Deringer wa Philadelphia, na ambayo kwayo Rais Abraham Lincoln aliuawa mwaka 1865, ilikuwa na mtutu mpana wa takribani milimita 11 katika silaha ya gramu zisizozidi 250 au zaidi kidogo. Iliwezekana kushikwa kwa sababu kiasi cha baruti kilikuwa kidogo. Upana wa risasi ulikuwa mkubwa, kipimo chake kikawa cha chini. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea pale ambapo risasi kamili ya bunduki inatiwa katika chombo kidogo.

3.5 Kupasuka si kurudi

Ni muhimu kutenganisha teke na jambo jingine linalofanana nalo machoni pa mtazamaji. Gesi haisukumi mbele na nyuma tu. Inasukuma pande zote za chemba. Kanieneo ya juu inayokubalika kwa risasi ya milimita 11.43 ni takribani megapaskali 145. Kwa risasi ya Kalashnikov ni takribani 355. Bomba la maji la nyumbani, kwa kawaida, limekusudiwa kubeba kanieneo isiyofika sehemu moja ya mia ya kiwango hicho. Halihitaji kufyatuliwa mara nyingi ili lichanike, na likichanika halirudi nyuma bali hutawanyika.

Hata viwanda vilijifunza somo hili kwa gharama. Bastola ya Colt Walker ya mwaka 1847, yenye uzito wa takribani kilogramu 2, ilijazwa hadi gramu 3.9 za baruti nyeusi katika kila tundu la silinda, na silinda nyingi zilipasuka mikononi mwa wapanda farasi. Uzito wake ulimeza teke vizuri. Haukuzuia mpasuko. Silaha inaweza kuwa na teke dogo na bado ikapasuka. Inaweza kuwa na teke kubwa na isipasuke. Kwa hiyo dhana hizi mbili haziwezi kubebwa na neno moja.

4.0 Utata wa *Piga*

Kitenzi *piga* ni miongoni mwa vitenzi vyenye kazi nyingi zaidi katika Kiswahili. Mtu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga mbizi. Katika uwanja wa silaha kitenzi hiki hubeba maana mbili kwa wakati mmoja: kugonga na kufyatulia. Katika muundo wa kutendwa maana hizo hukutana:

(a) Alipigwa risasi.
(b) Alipigwa kwa bunduki.
(c) Alipigwa na bunduki.

Sentensi (a) haina utata: risasi ilimpata. Sentensi (b) ina maana mbili, kwa sababu *kwa* hutaja ala: huenda alipigwa risasi, huenda aligongwa kwa kitako. Sentensi (c) ina utata mkubwa zaidi. Kiunganishi *na* hutaja mtenda, na bunduki inapowekwa katika nafasi ya mtenda, mtu aliyeishika anatoweka katika sentensi. Haijulikani kama kulikuwa na mtu wa pili.

Kwa msemaji wa Kirundi jambo hili lina uzito wa pekee. Kirundi kina kitenzi *kurasa*, kilichotoka katika upinde na mshale, kwa maana ya kupiga risasi, na kina *gukubita* kwa maana ya kugonga. Mgonjwa wa Muyinga anayeeleza kwa lugha yake anachagua moja kati ya viwili na maana inakuwa wazi. Mkalimani anapopeleka maelezo hayo katika Kiswahili, vitenzi vyote viwili huweza kuangukia *piga*. Tofauti iliyokuwapo katika maneno ya mgonjwa inapotea mikononi mwa mkalimani, bila mkalimani kukosea kisarufi hata kidogo. Kuanzia hapo, ripoti inayovuka mpaka kwenda hospitali au kituo cha polisi cha upande wa pili inasafiri na maana pungufu.

Athari zake hazihitaji kutiwa chumvi. Aliyepigwa risasi ni mlalamikaji. Aliyeumizwa na teke au mpasuko, kwa vyovyote vile, alikuwa karibu na silaha, na swali la kwanza la mpelelezi litakuwa silaha hiyo ilikuwa ya nani. Ripoti ikichanganya hali hizi, mtu aliyevamiwa anaweza kuulizwa kuhusu silaha ambayo hakuwa nayo, na aliyekuwa nayo anaweza kutibiwa kidonda huku vipande vya chuma vikiachwa ndani ya kiganja, kwa kuwa daktari alitafuta tundu la risasi.

5.0 Kuchagua Istilahi

5.1 Lugha nyingine zilivyofanya

Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya majalada nchini Burundi, hutumia *recul*. Neno la Kiingereza lenye maana hiyo lina mzizi huo huo, na mzizi wenyewe ni neno la Kifaransa la makalio: kurudi kinyumenyume. Kijerumani husema *Rückstoß*, yaani msukumo wa nyuma. Kiarabu hutumia *irtidad*, nomino ya kurejea. Njia hii ya mwisho ingekuwa rahisi kwa Kiswahili kuifuata, kwa kuwa mzizi wake umo tayari; lakini umo kwa maana nyingine. *Kuritadi* katika Kiswahili ni kuiacha dini. Neno likishakaa katika uwanja wa imani, kulihamishia kwenye bunduki ni kuleta mkanganyiko usio na sababu.

5.2 Mapendekezo yaliyopo

Maneno yanayosikika au yanayoweza kuundwa ni haya: *teke*, *msukumo wa nyuma*, *mshtuko* na *mrudio*. Vigezo vya kuyapima vinaweza kuchukuliwa kutoka katika kanuni za PEGITOSCA za mwanaisimu wa Uganda K. B. Kiingi, ambazo hutumika sana katika mijadala ya uundaji wa istilahi za Kiswahili, hasa usahihi, uwekevu, uzalishaji, uangavu na kukubalika.

*Msukumo wa nyuma* lina uangavu mkubwa, ila ni refu na halinyambuliki kwa urahisi. Aidha linataja kani na kuuacha mwendo wenyewe. *Mshtuko* tayari lina kazi katika tiba na katika umeme. Mgonjwa mwenye mshtuko ni mgonjwa mwingine kabisa. *Teke* lina nguvu ya picha. Kila aliyekaa karibu na punda anaielewa. Kasoro yake ni kuwa linataja kile kinachohisiwa na mwili, na kwa hiyo halifai katika hesabu: ni vigumu kuandika katika kitabu cha fizikia kuwa teke la bunduki ni mita 3 kwa sekunde.

*Mrudio* limeundwa kutokana na *rudi* kwa njia ya kawaida ya unominishaji. Lina uwekevu, lina uangavu, na linazaa: *nishati ya mrudio*, *kasi ya mrudio*, *kizuia mrudio*, *mrudio mkali*. Lina upinzani mmoja, kwamba katika isimu na fasihi limewahi kutumika kwa urudiaji wa maneno. Hata hivyo nyanja hizo ziko mbali kiasi kwamba muktadha utalinda maana, kama *mzinga* wa nyuki na *mzinga* wa vita vilivyoishi pamoja bila kugombana.

5.3 Mgawanyo unaopendekezwa

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba maneno matatu yagawiwe kazi tatu:

*Mrudio* ni mwendo wa silaha kwenda nyuma kutokana na kufyatuliwa. Hili ni neno la fizikia, la mafunzo ya polisi na la vitabu.

*Teke* ni athari ya mrudio huo katika mwili wa aliyeishika silaha. Hili ni neno la ushahidi wa mdomo na la mazungumzo kati ya mgonjwa na mganga, na linapaswa kupokelewa rasmi badala ya kudharauliwa kwa kuwa ni la mtaani.

*Mpasuko* ni kuchanika kwa mtutu au chemba kwa sababu ya kanieneo kupita uwezo wa chuma. Hauhusiani na mrudio, ingawa vyote viwili huweza kutokea katika mlio mmoja.

Katika sentensi, tofauti hizo zinakuwa hivi: *alipigwa risasi mkononi*, *aliumizwa na teke la silaha aliyoifyatua*, *alijeruhiwa na mpasuko wa silaha*. Sentensi ya pili inamtaja mfyatuaji waziwazi. Ya tatu inaacha nafasi ya kuuliza nani aliishika, jambo ambalo ni haki, kwa sababu mpasuko huweza kumjeruhi hata aliyesimama kando.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba teke la silaha ndogo si suala la ujasiri wa mkono bali la mgawanyo wa momentamu: risasi ileile, katika silaha yenye uzito pungufu ya nusu, hutoa nishati zaidi ya maradufu kwa mkono. Yameonyesha pia kuwa kupasuka ni jambo jingine, na kwamba Kiswahili, kupitia kitenzi *piga*, huweza kuyaficha yote mawili ndani ya sentensi moja iliyo sahihi kisarufi.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar iingize istilahi za silaha ndogo katika kazi yake ya usanifishaji, kwa kushirikiana na RECSA, ili Itifaki ya Nairobi isomeke kwa lugha moja Gitega, Ngara na Nairobi. Pili, mafunzo ya wakalimani wa mahakama na wauguzi wa maeneo ya mpakani yaweke mkazo katika kuhamisha *kurasa* na *gukubita* kwa vitenzi tofauti. Tatu, walimu wa fizikia wanaotumia Kiswahili waunganishe kanuni ya tatu ya Newton na mifano ambayo wanafunzi wanaifahamu, likiwemo neno *kiasi*.

Neno hilo la mwisho linastahili kurudishwa katika matumizi. Wazee walioliita ganda la risasi *kiasi* walikuwa wameweka onyo ndani ya jina. Katika nchi ambayo mugobore bado huweza kutolewa chini ya kitanda, kijana anayefundishwa kwamba kila mtutu una kiasi chake, na kwamba bomba halina kiasi chochote kilicho salama, atakuwa amepewa elimu ambayo inaweza kuokoa mkono wake.